Amosi langoni mwa shule ya Kikristo

Mgeni anayezuru Nairobi kwa mara ya kwanza, akapanda matatu kutoka katikati ya jiji kuelekea Kayole, Dandora au Kawangware, hakosi kushangazwa na wingi wa shule zilizopewa majina ya watakatifu, mitume na milima ya Biblia. Juu ya lango aghalabu pameandikwa kaulimbiu ya kumcha Mungu. Chini ya kaulimbiu hiyo, siku hizi, pameandikwa nambari ya M-Pesa ya kulipia karo. Maandishi hayo mawili hukaa pamoja kwa amani, kwa rangi moja na mkono wa mchoraji mmoja, wala sijapata kumsikia mpita njia akiuliza iwapo la juu lina neno na la chini.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo, somo ambalo wanafunzi wetu wamezoea kuliita CRE. Nimelifundisha kwa zaidi ya miaka 20, na 11 kati ya hiyo niliimaliza katika shule moja ya upili ya kibinafsi iliyomilikiwa na kanisa, mashariki mwa jiji. Sitaitaja jina, kwa kuwa haikuwa mbaya kuliko jirani zake. Walimu walifika kwa wakati, maktaba ilikuwa na vitabu, na mzazi aliyempeleka mtoto pale hakuwa na hofu kwamba atarudi jioni akinuka sigara. Ninachotaka kusimulia ni kisa cha asubuhi moja ya mwezi wa Mei mwaka 2012, kwa sababu tangu siku hiyo sijaweza kuzungumzia mafunzo ya dini katika shule zetu bila kukirejelea.

Ilikuwa wiki ya pili ya muhula. Katika gwaride la asubuhi tuliimba, tukaomba, na kasisi wa shule akatubariki. Kisha, kabla ya wanafunzi kutawanyika, bursa alipanda jukwaani na karatasi mkononi akaanza kusoma majina. Aliyetajwa alijua la kufanya: alikwenda darasani, akachukua mkoba wake, akapita langoni mbele ya macho ya wenziwe, akaenda nyumbani kuleta karo. Sisi walimu tuliliona jambo hilo kuwa la kawaida kama kengele. Nilipoingia Kidato cha Tatu kwa kipindi cha kwanza, wanafunzi tisa hawakuwapo. Nikafungua kitabu. Somo la siku lilikuwa nabii Amosi.

Kwa faida ya msomaji aliyeisahau habari hii, Amosi alikuwa mchungaji wa kondoo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika ufalme wa kusini wa Yuda, aliyekwenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya nane kabla ya Kristo. Nchi ilikuwa imeneemeka. Mahali pa ibada palijaa watu, sadaka zilitolewa, nyimbo ziliimbwa. Amosi akawaambia wenye nchi kwamba Mungu alikuwa amechoshwa na sherehe zao, maadamu mizani yao ilikuwa ya udanganyifu na maskini aliuzwa kwa deni lisilozidi thamani ya viatu. Amazia, kuhani wa Betheli, hakumjibu hata hoja moja. Alimtaka tu arudi kwao akatabiri huko, kwani Betheli palikuwa mahali patakatifu pa mfalme.

Nilikuwa nimefika hapo nilipoona mkono umeinuliwa. Alikuwa msichana wa dawati la pili, mtoto wa nyumba ya Kiislamu ya Pumwani. Wazazi wake walimleta kwetu kwa sababu shule ilikuwa karibu na ilisifika kwa nidhamu. Kwa kuwa hatukuwa na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, alisoma CRE pamoja na wengine, na kusema kweli ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Mwenzake wa dawati alikuwa mmoja wa wale tisa.

"Mwalimu," aliniuliza, "kama Amosi angalikuwa amesimama langoni petu leo asubuhi, angalimwambia nini bursa?"

Darasa likanyamaza kimya. Ningaliweza kusema kwamba sijui. Ningaliweza kuwarudishia swali wao wenyewe walijadili, jambo ambalo chuo cha ualimu kilinifunza kulifanya. Badala yake nilitazama saa yangu nikasema, "Hilo halitahiniwi. Tuendelee."

Akaketi, akaandika kitu. Baada ya wiki mbili, nilipokusanya madaftari ili kuyasahihisha, nikakuta chini ya maelezo ya Amosi, kwa hati nzuri na wino wa buluu: "Swali: Amosi angalimwambia nini bursa? Jibu: Halitahiniwi." Jibu lilikuwa limepigiwa mstari kwa rula, kama tunavyowafunza kufanya na majibu yaliyo muhimu. Hakukuwa na dhihaka yoyote ndani yake. Alikuwa mtoto mtiifu, na mwalimu alikuwa amesema. Nililiweka daftari lile mezani nikatambua kwamba, katika kisa nilichokuwa nikikifundisha mwaka nenda mwaka rudi, mimi nilikuwa nimesimama upande wa Amazia.

Jibu langu lina ukoo mrefu katika nchi hii. Watangulizi wetu hawakutenganisha kusoma na kuamini. Katika nyanda za kati za Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, Wakristo wa kwanza waliitwa kwa Kikikuyu athomi, yaani wasomaji, na neno hilo lilibeba shule na ubatizo kwa pamoja. Mmisionari alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa na masharti. Mwaka 1929 masharti hayo yalizua mtafaruku mkubwa, pale baadhi ya misheni, zikiwemo ile ya Kanisa la Scotland na ile ya Africa Inland, zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana. Leo ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na mimi ni mmoja wa wanaoshukuru kwa hilo. Hata hivyo, mzazi aliyekataa wakati huo alijikuta nje ya kanisa, na mara nyingi mwanawe akajikuta nje ya darasa. Wazazi wengi wakajijengea shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikaanzishwa chini ya Mbiyu Koinange, hadi serikali ya kikoloni ilipozifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Si jambo geni, basi, kwa mtoto wa Kenya kutolewa langoni kwa ajili ya neno lisilo kosa lake.

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Simeon Ominde ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1964 kwamba dini ifundishwe shuleni kama somo miongoni mwa masomo mengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 nayo ikayafanya makanisa kuwa wafadhili wa shule ambazo hapo awali yalizimiliki. Yalikuwa mabadiliko ya busara, nami nayatetea hadi leo, kwa kuwa mtoto wa mlipa kodi hapaswi kulazimishwa kubadili dini ili ajue hesabu. Lakini yalikuwa na tokeo ambalo sidhani wenyewe walilikusudia. Dini ilitolewa mikononi mwa kasisi ikatiwa mikononi mwa mtahini.

Kila mwalimu mwenzangu anajua ninachokisema. Mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa ataje mambo matano ambayo Mkristo wa leo anaweza kujifunza kutokana na mafundisho ya nabii fulani. Mtahiniwa huyataja. La tatu au la nne huwa ni kuwasaidia maskini, na mtahini hulitilia alama yake moja. Alama hiyo hupatikana hata kama aliyeiandika hajawahi kumgawia mwenziwe kalamu. Sisemi kwamba mtihani ufutwe. Sijui namna nyingine ya kumpima mwanafunzi wa Mandera na wa Nairobi kwa kipimo kimoja. Nasema tu kwamba tumeuacha utuamulie lipi ni swali na lipi si swali.

Shule ya kibinafsi ya Kikristo imewarithi mabwana wote wawili, kisha ikaongeza wa tatu. Inamilikiwa na kanisa kama shule ya misheni ya kale, inapimwa kwa wastani wa mtihani kama shule nyingine yoyote, na inaishi kwa karo. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za umma. Madarasa yakafurika. Mzazi wa jijini aliyekuwa na uwezo kidogo akamwondoa mwanawe akampeleka kwenye akademia iliyo ndani ya uwanja wa kanisa, na yule asiye na uwezo naye, kwa kuona wenziwe, akajikaza akafanya vivyo hivyo. Huyu wa pili ndiye ambaye jina la mwanawe husomwa gwaridani.

Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu. Alikuwa mchungaji, mtu mpole, mwenye mvi za mapema. Nilimwomba majina yasisomwe tena baada ya sala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kabati akatoa daftari kubwa la hesabu na kulitandaza mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "hebu nioneshe mahali ambapo mshahara wako wa mwezi huu utatoka."

Nikatazama. Palikuwa na mishahara ya walimu 19 na wapishi watatu. Palikuwa na umeme, maji, mahindi na maharagwe, na deni la mkandarasi aliyejenga maabara. Palikuwa na majina ya wazazi, na kando ya majina hayo tarakimu nyekundu. Kanisa lililokuwa likijivunia shule hiyo kila Jumapili halikuwa limetoa hata shilingi moja mwaka ule. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na majina ya wanafunzi watatu waliokuwa wakilipiwa na mtu asiyetajwa, na kwa mwandiko nilijua ni nani. Mchungaji hakuniambia. Alilifunga daftari.

Nilitoka nikiwa nimeishiwa na maneno, tena kwa sababu nyingine ambayo sikumweleza. Binti yangu mwenyewe alikuwa akisoma pale kwa nusu karo, kama mtoto wa mwalimu. Ile nusu nyingine ililipwa na nani? Ililipwa na wale wazazi wa tarakimu nyekundu. Nilikuwa nikila katika chungu kile kile kisha nataka kumkaripia mpishi kwa moshi.

Kwa hiyo siandiki makala haya ili kuwasuta wakuu wa shule. Wengi wao wamebanwa kati ya askofu anayetaka jina zuri, mzazi anayetaka alama za juu na mwenye duka anayetaka pesa zake. Ninachokataa ni ule ukimya tunaoutandaza juu ya jambo hili darasani. Shule isiyojiita ya Kikristo ikimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya karo, imefanya biashara, na biashara ina kanuni zake. Shule iliyopanga siku yake ianze kwa sala, ikamfundisha mtoto habari za Amosi katika kipindi cha kwanza, imempa mtoto huyo fimbo ya kuipimia. Haiwezi kumwambia baadaye kwamba fimbo ile ni ya kukaririwa tu.

Wako walioipokea fimbo hiyo. Edward Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hesabu Cambridge kabla ya kuja Maseno mwaka 1928, aliiongoza shule ya Alliance kule Kikuyu tangu 1940 hadi 1962. Alikuwa mkali, na wapo waliomlaumu kwa kuwalea vijana katika adabu za Kiingereza kupita kiasi. Lakini alipostaafu hakurudi kwao kulea maua. Alihamia Nairobi akafundisha katika shule ya upili ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida na wenye Waislamu wengi, hadi alipofariki mwaka 1966. Sijui hotuba yoyote ya siku ya wazazi inayolingana na uhamisho huo. Karibu na wakati wetu, Wajesuiti na Jumuiya ya Maisha ya Kikristo walianzisha shule ya upili ya St. Aloysius Gonzaga kwa ajili ya vijana wa Kibera ambao wazazi wao walichukuliwa na Ukimwi. Fedha zake zilitafutwa kwa wafadhili, kwa kuwa yatima hana wa kumtuma alete karo. Jambo hili linawezekana, ingawa haliwezekani kila mahali wala kwa kila mtoto.

Niruhusuni niseme neno juu ya yule msichana wa Pumwani pia. Tunapozungumzia watoto wa dini nyingine katika shule zenye asili ya Kikristo, mawazo yetu hukimbilia mavazi na siku za ibada. Kesi ya hijabu kutoka Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Januari 2019 iliutengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2016, na mwaka 2017 wanafunzi Waadventista waliruhusiwa na Mahakama ya Rufani kuiadhimisha Sabato yao. Ni mambo ya haki, na Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda uhuru wa dhamiri ya kila mtu. Lakini swali la msichana yule halikuhusu vazi lake wala siku yake. Alikuwa amekisoma kitabu chetu kwa makini kuliko sisi wenyewe, akakiamini kiasi cha kututaka tukifuate. Shule iliyompokea ilimweleza siku ya kwanza kuhusu rangi ya soksi na urefu wa sketi. Haikumweleza yeye wala wazazi wake kama angeruhusiwa kuuliza.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasema kwamba unamthamini mwanafunzi anayeuliza. Mtihani wa KCPE, ambamo dini ilikuwa imeunganishwa na masomo ya jamii, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Haya ni mema. Ila kinywa cha mwalimu hakibadilishwi kwa waraka wa wizara. Nimehudhuria semina za mtaala huo, nikawasikia walimu wa dini wakiuliza jambo moja tu kwa njia 20: litatahiniwaje?

Ningependa kuona mambo machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa shule zenyewe. Bursa azungumze na mzazi kwa simu au barua, wala si na mtoto mbele ya umati. Mtoto hana mshahara. Kanisa linalomiliki shule litangaze kila mwaka, mbele ya waumini, ni watoto wangapi linaowalipia kutokana na sadaka zake, hata kama idadi hiyo ni ndogo ya kutia haya. Nimeona harambee za kutia lami uwanja wa kuegesha magari zikivuna kwa adhuhuri moja fedha ambazo zingalimaliza zile tarakimu nyekundu za mchungaji wangu. Mzazi wa dini nyingine aelezwe siku ya kuandikisha mtoto, kwa maandishi, ni ibada gani mwanawe atatakiwa kuhudhuria na ipi anaweza kukaa kando. Naye mwalimu wa dini, ambaye ni mimi, alitoe lile neno "halitahiniwi" katika msamiati wake.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, baadhi yenu mtaambiwa kwamba kumuuliza mwalimu swali la namna hiyo ni utovu wa adabu. Inategemea mnavyouliza. Yule msichana aliinua mkono, akasimama, akasema "Mwalimu", akangoja. Utovu wa adabu ulikuwa wangu.

Mwenzake wa dawati alirudi baada ya siku 16. Tulikuwa tumemaliza Amosi na kuingia kwa Yeremia. Nilimfundisha Amosi peke yake wakati wa chakula cha mchana, kwa siku tatu, chini ya mti ulio nyuma ya jiko, na rafiki yake akaja kukaa nasi ingawa alikwisha kuyajua yote. Sikuwaambia nililokuta katika daftari. Wote wawili walifanya mtihani mwaka 2013 wakapita vizuri. Sijui kama swali la Amosi lilitokea katika karatasi yao, sikutaka kuitazama.

Sasa nafundisha katika shule ya umma. Kila nifikapo kwa Amosi hutenga kipindi kizima bila kuandika chochote ubaoni, nikawaacha waulize. Mwaka 2024 kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinuka akaniuliza kwa heshima zote kama Amosi angaliniruhusu kuwauzia wanafunzi vijitabu vya marudio nilivyoviandika mwenyewe. Nilikuwa nimewauzia kwa shilingi 200 kila kimoja, na wasiokuwa na pesa walikuwa wakiazimana usiku. Nilimwomba anipe siku mbili. Siku ya tatu nilipeleka vijitabu 30 vilivyosalia kwenye maktaba ya shule, nikamwambia msimamizi aviazimishe bila malipo. Kijana akaniuliza tena, na wale walionunua je? Hilo bado tunalizungumza.